Mwongozo Kamili kwa Mpenzi wa Filamu Anayehudhuria Maonyesho ya Burudani za Nyumbani Jijini Nairobi

Maonyesho ya kibiashara ya burudani za nyumbani huandaliwa kwanza kwa ajili ya wauzaji. Mwagizaji wa runinga hukutana humo na wenye maduka, msambazaji wa filamu hukutana na wakuu wa vituo vya televisheni, na kampuni za intaneti hutafuta wateja wa vifurushi vyao. Mpenzi wa filamu huingia katika shughuli hiyo akiwa mgeni, na ndiyo maana wengi hutoka jioni wakiwa na mfuko uliojaa vijitabu, miguu iliyochoka na kumbukumbu ya skrini kubwa zilizokuwa zikionyesha maua na samaki wa rangi. Hiyo ni hasara kubwa, kwa sababu mtu anayezipenda filamu ana kitu ambacho wauzaji wengi waliomo ukumbini hawana: amezitazama filamu zake mara nyingi kiasi cha kujua uso wa mwigizaji unavyopaswa kuonekana katika mwanga hafifu na neno lililonong'onwa linavyopaswa kusikika. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuutumia ujuzi huo hatua kwa hatua, tangu kujiandikisha hadi siku ya kurudi nyumbani na kuiwasha runinga yako mwenyewe.

Hatua ya kwanza: Fahamu ni maonyesho ya aina gani

Kabla ya kulipa chochote, soma tangazo la waandaaji na utambue maonyesho yamefunguliwa kwa nani. Yapo yanayopokea watu wa biashara pekee, yapo yanayopokea kila mtu, na yapo yanayotenga siku za mwanzo kwa wafanyabiashara na siku za mwisho kwa wananchi. Tofauti hii ipo duniani kote. CES, maonyesho ya elektroniki ambayo yalianza mwaka wa 1967 jijini New York na sasa hufanyika Las Vegas kila Januari, ni ya watu wa sekta hiyo tu, ilhali IFA ya Berlin, iliyoanza mwaka wa 1924, huwauzia tiketi wananchi wa kawaida. Kwa hiyo mpenzi wa filamu wa Nairobi anayeweka akiba ya kusafiri siku moja ana sababu nzuri ya kuitazama Berlin kabla ya Las Vegas.

Hapa nyumbani, maonyesho mengi ya kibiashara hufanyika katika jumba la KICC katikati ya jiji au katika Sarit Expo Centre huko Westlands. Kwa upande wa filamu na vipindi vyenyewe, Tume ya Filamu ya Kenya imekuwa ikiandaa soko na tamasha la Kalasha, ambako wenye kazi hukutana na wanaonunua haki za kuzionyesha. Ukiwa na hamu ya vifaa, tafuta maonyesho ya elektroniki. Ukiwa na hamu ya kujua filamu za nchini zitakufikiaje sebuleni, soko la filamu litakufaa zaidi.

Unapojiandikisha, chagua kundi linalokuhusu kwa ukweli. Fomu huuliza kama wewe ni mnunuzi, mwanahabari, mwanafunzi au mgeni wa kawaida, na ziko nyingine ambazo zina nafasi ya waandishi wa mtandaoni au wanachama wa vilabu vya filamu. Usijiite mwenye duka ili upate beji ya bure. Mwakilishi wa kampuni atakuuliza unaagiza makasha mangapi kwa mwezi, nawe utakuwa umempotezea muda mtu aliyelipia kibanda ili akutane na wanunuzi. Ikiwa siku za biashara zimefungwa kabisa, nenda siku ya wananchi, ila ufike mlango unapofunguliwa.

Hatua ya pili: Pima sebule, kisha andaa kipande cha filamu

Kazi yenye faida kuliko zote hufanyika kabla hujaondoka nyumbani, nayo huanza kwa futi ya kupimia. Pima umbali kutoka kwenye kiti unachokalia hadi ukuta wa runinga, upana wa meza au nafasi ya ukutani, na upana wa mlango na kona ya ngazi ikiwa unaishi ghorofani. Kwa runinga ya inchi 55, umbali wa kati ya mita 1.7 na mita 2.2 hivi huifanya picha ijaze macho kwa kiwango kinachokaribia kile cha ukumbi wa sinema. Ukikaa mita nne, sehemu kubwa ya faida ya 4K itakupotea, maana jicho halitaweza tena kutenganisha nukta 3840 kwa 2160 za skrini hiyo na nukta 1920 kwa 1080 za skrini ya kawaida. Andika vipimo hivyo kwenye simu. Ukumbi wa maonyesho ni mkubwa na dari lake liko juu, hivyo runinga ya inchi 75 huonekana humo kama ya kawaida kabisa, na ni namba zako tu zitakazokukumbusha ukubwa wa chumba chako.

Pili, chagua filamu moja, wala si kumi, ambayo unaijua kwa moyo, na ndani yake uchague mandhari mbili: moja ya usiku au ya chumba chenye mwanga wa taa moja, na nyingine yenye mazungumzo ya chini chini huku kukiwa na mvua, magari au muziki nyuma. Napendekeza kwa dhati kwamba filamu hiyo iwe na waigizaji weusi, na ikiwezekana iwe ya Kiswahili. Sababu zake nitazieleza tutakapofika kwenye vibanda.

Vibanda vingine vina intaneti na vitakubali kuitafuta filamu hiyo katika huduma ya kutiririsha, na vingine vina mashine ya diski. Vingine havitakubali lolote kati ya hayo, hivyo beba pia picha uliyoichukua mwenyewe: mpige ndugu yako video ya 4K kwa simu akiwa ameketi karibu na dirisha jua linapozama, kwa dakika moja, kisha uihifadhi kwenye flashi iliyopangwa kwa mfumo wa exFAT, kwa kuwa FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4. Video hiyo ni mali yako, haivunji haki ya mtu yeyote, na unaujua uso ule kuliko muuzaji yeyote.

Tatu, andika swali moja unalotaka lijibiwe. “Nataka kuona vitu vipya” si swali. “Je, kuna saundiba ya bei ninayoimudu ambayo inatoa maneno wazi bila kuwasumbua jirani?” ni swali (saundiba ni spika ndefu ya kuwekwa chini ya runinga), na litaamua utumie saa zako wapi.

Hatua ya tatu: Kufika na kuingia

Ukienda KICC kwa matatu, shuka katikati ya jiji; kutoka kituo cha Kencom ni mwendo mfupi kwa miguu. Anayetoka Mombasa kwa treni ya SGR hufika Syokimau, na kutoka hapo kuna treni ya kuunganisha hadi stesheni kuu ya Nairobi, ambayo nayo haiko mbali na KICC. Kwa Westlands, ondoka mapema kwa sababu ya msongamano wa asubuhi. Beba kitambulisho, maana walinzi wa majengo mengi ya Nairobi hukidai mlangoni, na uwe na tiketi kwenye simu pamoja na picha yake ya skrini endapo intaneti itasumbua. Vaa viatu vya kutembelea. Beba maji, kalamu, daftari dogo, betri ya akiba ya simu na vipokea sauti vya waya.

Mlangoni au vibandani utaombwa namba ya simu na barua pepe, au beji yako itaskaniwa. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inakupa haki ya kuelezwa taarifa zako zitatumiwa kwa kazi gani na haki ya kukataa zisitumiwe kukutangazia biashara. Uliza kwa upole, na uwape namba wale tu ambao unataka wakupigie.

Hatua ya nne: Zunguka kwanza bila kusimama

Saa ya kwanza itumie kwa mzunguko mmoja wa ukumbi mzima. Usiketi popote, usichukue kijitabu, na usijibu zaidi ya salamu. Tia alama kwenye ramani mahali penye vyumba vya kusikilizia vilivyofungwa, mahali ambapo mwanga ni hafifu, na vibanda ambavyo wahudumu wake wanashika vifaa wenyewe badala ya kugawa peremende. Angalia pia ratiba ya mijadala na uandike saa zake. Baada ya hapo chagua vibanda vitano au sita, wala si zaidi, na uanze na vile vya vyumba vilivyofungwa kwa kuwa foleni yake hukua haraka kadiri siku inavyosonga.

Nyakati nzuri za kuzungumza na mtu anayejua kazi yake ni asubuhi mapema na saa moja ya mwisho. Wahudumu wengi wa mbele ya kibanda wameajiriwa kwa siku hizo tu, na kuwabana kwa maswali ya kiufundi ni kuwaonea. Sema tu: “Habari za kazi, dada. Samahani, kuna fundi au mtu wa kampuni ambaye ningeweza kumuuliza kuhusu picha ya hii runinga?” Ukimpata, jieleze waziwazi kwamba wewe ni mtazamaji. Mafundi wengi hufurahi, kwa sababu siku nzima wameulizwa bei na punguzo tu, na hapa amekuja mtu anayetaka kujua kifaa kinafanya nini.

Hatua ya tano: Namna ya kuipima picha

Runinga zote za maonyesho huwashwa katika mpangilio wa dukani, ambao hupandisha mwanga na rangi hadi mwisho ili kushindana na taa za ukumbi. Picha hiyo haihusiani na filamu. Kwa hiyo ombi lako la kwanza ni kupewa rimoti, au kumwomba fundi abadilishe mpangilio kuwa wa sinema. Runinga nyingi mpya zina Filmmaker Mode, mpangilio uliotangazwa mwaka wa 2019 na muungano wa makampuni uitwao UHD Alliance kwa lengo la kuionyesha filamu kama ilivyokamilishwa na waliotengeneza. Mwanzoni utaiona picha kama imefifia na kuwa ya manjano kidogo. Subiri dakika mbili macho yazoee, kisha uendelee.

Sasa weka mandhari yako ya usiku. Ikiwa filamu ni ya umbo pana la sinema, picha itatumia takriban robo tatu ya kimo cha skrini, na juu na chini kutakuwa na mikanda mieusi. Mikanda hiyo ndiyo kipimo chako cha kwanza. Zungushia macho viganja vyako viwili ili kuzuia taa za ukumbi, sogea karibu, na uulize: mikanda ni mieusi kweli, au ni ya kijivu? Kwenye runinga za OLED kila nukta hujitolea mwanga wake na huweza kuzimika kabisa, hivyo weusi huwa weusi. Kwenye runinga za LCD mwanga hutoka nyuma ya kioo au pembeni mwake, na sehemu yake huvuja hata pale picha inapotakiwa kuwa giza. Usidanganyike na jina QLED, ambalo linafanana na OLED kwa macho. Hiyo ni LCD iliyoongezewa tabaka la kuboresha rangi. Halafu washa manukuu. Maandishi meupe yakiwa na ukungu wa mwanga unaoyazunguka, ujue ukungu huo utakusindikiza katika kila filamu ya lugha ya kigeni utakayoitazama gizani.

Kipimo cha pili ni uso. Hapa ndipo filamu ya waigizaji weusi inapofanya kazi ambayo hakuna video ya maua itakayoifanya. Katika ngozi nyeusi iliyomulikwa na taa moja, mpigapicha mzuri huacha daraja nyingi za kivuli kati ya shavu, taya na shingo. Runinga iliyopangwa vibaya, au isiyo na uwezo, huzimeza daraja hizo zote na kubakiza macho na meno; nyingine huongeza wekundu hadi uso ukaonekana kama umepakwa rangi, na nyingine hutia ubuluu juu ya paji la uso. Tazama mstari wa taya ya mwigizaji anapogeuka kutoka kwenye mwanga kuingia kivulini. Ukiendelea kuuona, hata kwa shida, kifaa hicho kinajua kazi yake. Ukipotea ghafla, ondoka hata kama bei ni nzuri. Kisha rudia jaribio hilo kwa video ya ndugu yako ya dirishani. Naamini kwamba watazamaji wa Kiafrika tumevumilia kwa muda mrefu runinga ambazo mipangilio yake haikutufikiria, na mahali pa kulisema hilo mbele ya mtengenezaji ni hapa.

Kipimo cha tatu ni mwendo. Filamu nyingi hupigwa kwa fremu 24 kwa sekunde. Runinga ya Hetz 60, yaani inayobadilisha picha mara 60 kwa sekunde, haiwezi kuigawa 60 kwa 24 bila baki, hivyo fremu moja huonyeshwa mara tatu na inayofuata mara mbili, na kamera inapopita polepole juu ya paa za nyumba utaona picha ikikwama kidogo kidogo. Runinga ya Hetz 120 huonyesha kila fremu mara tano sawasawa. Tatizo la upande wa pili ni kulainisha mwendo, ambapo runinga hubuni fremu ambazo hazikuwahi kupigwa na filamu ikaonekana kama kipindi cha studio. Kila kampuni ina jina lake: Samsung huiita Picture Clarity (zamani Auto Motion Plus), LG huiita TruMotion, na Sony huiita Motionflow. Mwombe fundi akuonyeshe inapozimwa, na uandike njia ya menyu katika daftari lako, hata kama hununui chochote.

Usitumie muda mrefu kwa namba zilizobandikwa kwenye kasha. Neno HDR (picha yenye tofauti kubwa zaidi kati ya mwanga na giza) kwenye runinga ya bei ya chini mara nyingi humaanisha tu kwamba inaipokea ishara hiyo, si kwamba ina mwanga wa kutosha wa kuionyesha.

Hatua ya sita: Namna ya kuipima sauti

Sauti haipimiki vizuri katika ukumbi wa wazi, kwa hiyo subiri zamu yako ya chumba kilichofungwa. Ukiingia, piga kofi moja na usikilize kama linarudi. Chumba chenye mwangwi kitaharibu hata spika bora. Keti katikati kwanza, kisha omba kuketi pembeni kabisa, maana katika familia si kila mtu hukaa katikati.

Waonyeshaji hupenda kuanza na milipuko na helikopta zinazopita juu ya kichwa, na mfumo wa Dolby Atmos uliozinduliwa mwaka wa 2012 hufanya hivyo vizuri. Sikiliza, ufurahi, kisha uombe mazungumzo yako ya Kiswahili. Sikio husamehe mengi katika lugha ya kujifunza, kwa sababu hukisia maneno yasiyosikika, lakini katika lugha ya nyumbani hutambua mara moja silabi ikimezwa. Sikiliza kama unatofautisha “amekufa” na “amekuwa” mvua ikiwa inanyesha nyuma ya wasemaji. Mtazamaji wa Nairobi aliyekulia katika vibanda vya video, akimsikiliza msimulizi kama DJ Afro akiizungumzia filamu juu ya mlio wa risasi, anajua kwamba sauti ya mtu ndiyo inayobeba hadithi. Katika mfumo wa 5.1, wenye spika tano na moja ya besi, mazungumzo mengi hutoka kwenye spika ya katikati. Saundiba isiyo na spika hiyo hulazimika kuyagawa kushoto na kulia, na mara nyingi hapo ndipo maneno hupungua uwazi.

Kuhusu spika ya besi, fikiria ukuta wako kabla ya masikio yako. Katika ghorofa za Roysambu, Pipeline au Kilimani, mawimbi ya besi hupita kwenye zege na kumfikia jirani aliyelala, na kanuni za mwaka wa 2009 za kudhibiti kelele zinampa haki ya kulalamika. Uliza kama kifaa kina mpangilio wa usiku unaopunguza milipuko na kuacha maneno, na uombe uusikie.

Hatua ya saba: Projekta

Kwa projekta, maswali matatu yanatosha. La kwanza: ubora halisi wa picha ni upi? Maneno “inakubali 4K” yanaweza kumaanisha kifaa cha nukta 1280 kwa 720 kinachopokea faili la 4K na kulipunguza. La pili: mwanga wake umepimwa kwa kipimo rasmi cha ANSI au cha ISO 21118? Jibu likiwa ni namba kubwa isiyo na kipimo, iache. La tatu: inahitaji umbali gani? Ikiwa uwiano wake wa umbali kwa upana wa picha ni 1.5, picha ya upana wa mita 2 itahitaji mita 3 kutoka ukutani, na tayari unavyo vipimo vya sebule yako. Omba kuiona kwa mandhari ya usiku, kwani picha ya mchana huficha udhaifu wa projekta nyingi.

Hatua ya nane: Diski na utiririshaji

Huduma za kutiririsha zimekuwa njia kuu ya kupata filamu tangu Netflix ilipoingia Kenya pamoja na nchi nyingine zaidi ya 100 mnamo Januari 2016, tangazo ambalo lenyewe lilitolewa katika CES. Netflix hupendekeza kasi ya Mbps 15 kwa picha ya 4K na Mbps 5 kwa picha ya nukta 1920 kwa 1080, na saa moja ya 4K huweza kutumia hadi GB 7. Ukikutana na kampuni ya intaneti, usiulize kasi ya juu. Uliza kasi inayobaki saa tatu usiku katika mtaa wako, na kama kifurushi kina kikomo ambacho baada yake kasi hushushwa.

Diski, hata hivyo, bado zinaongoza kwa ubora. Diski ya Ultra HD Blu-ray, ambayo ilianza kuuzwa mwaka wa 2016, huweza kusomwa kwa kasi ya zaidi ya Mbps 100, na vivuli vya ngozi nilivyovitaja hubaki salama zaidi humo. Ukikuta kibanda cha diski, kumbuka kanda, yaani sehemu ya dunia ambayo diski imefungiwa: Kenya iko katika kanda ya 5 kwa DVD na kanda B kwa Blu-ray ya kawaida, ilhali diski za Marekani huwa za kanda ya 1 na kanda A, na nyingi hazitachezwa na mashine ya hapa. Diski za 4K hazina kufuli la kanda. Jambo lingine la kuzingatia ni kwamba DVD nyingi za mfumo wa televisheni wa PAL huendesha filamu kwa fremu 25 badala ya 24, hivyo filamu ya dakika 100 humalizika kwa dakika 96 na sauti hupanda kidogo.

Tafuta stika ya Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, kwenye diski za hapa nchini. Ukiona kibanda kinauza king'amuzi au kisanduku chenye “filamu zote bure maisha”, pita. Fedha hiyo haimfikii hata mmoja wa watu waliotengeneza filamu unazozipenda.

Hatua ya tisa: Mijadala na watengenezaji wa filamu

Keti katika mjadala mmoja au miwili, na uwape kipaumbele wale wanaozungumzia usambazaji. Kenya ilikamilisha kuhama kutoka mitambo ya analogi kwenda dijitali mwaka wa 2015, na tangu hapo idadi ya njia za kumfikia mtazamaji imeongezeka, lakini mtengenezaji wa filamu wa River Road bado huhangaika kujua kazi yake itauzwa wapi. Unapopewa kipaza sauti, uliza swali fupi linalojibika. Ninalolipenda kuliko yote ni hili: “Filamu yako ninaweza kuitazama wapi nyumbani kihalali, na ni njia ipi inayokulipa vizuri zaidi?” Andika jibu, kisha ufanye hivyo hivyo alivyosema. Baada ya mjadala, msalimie msemaji kwa kifupi, mtajie jambo mahususi ulilolipenda katika kazi yake, na umwache aendelee na shughuli zake.

Usirekodi kwa simu sehemu za filamu zinazoonyeshwa vibandani au katika vyumba vya majaribio. Nyingine hazijatoka bado, na waonyeshaji wakiona simu zimeinuliwa huacha kuzionyesha kwa wote.

Hatua ya kumi: Ukiamua kununua

Bei ya maonyesho si lazima iwe ndogo kuliko ya dukani, hivyo linganisha kwenye simu kabla ya kukubali. Siku ya mwisho baadhi ya vibanda huuza vifaa vilivyokuwa vikionyeshwa. Hivi vinaweza kuwa na bei nzuri, lakini vimewaka mchana kutwa kwa mwanga wa juu kabisa, jambo ambalo ni baya hasa kwa OLED. Mwombe fundi awashe skrini ya rangi moja ya kijivu na utafute alama za nembo zilizobaki.

Soma kibandiko cha nyuma na uhakikishe kifaa kinapokea volti 240 na Hetz 50, maana kile kilicholetwa kutoka Marekani kikiwa cha volti 120 pekee kitaungua. Tafuta alama ya ubora ya KEBS. Uliza dhamana inatolewa na nani, karakana iko wapi hapa Nairobi, na ikiwa kioo kitavunjika wakati wa kusafirishwa ni jukumu la nani. Majibu hayo yaandikwe kwenye risiti, ambayo iwe rasmi ya kodi na yenye namba ya kifaa. Unapolipa kwa M-Pesa, lipa kwa namba ya biashara, si kwa namba ya mtu binafsi, na uhakikishe jina linalotokea ni lile lile lililo kwenye risiti. Tenga pia fedha ya kilinda umeme.

Iwapo moyo wako unasita, chukua kadi na uondoke.

Hatua ya kumi na moja: Jioni ile na wiki inayofuata

Usiku huo huo, kabla ya kulala, pitia daftari lako na uandike kwa sentensi kamili ulichokiona katika kila kibanda, kwani baada ya siku mbili skrini zote zitachanganyika kichwani. Watumie ujumbe wa shukrani mafundi waliokusaidia na uwaulize lile swali moja lililobaki. Walioanza kukutumia matangazo usiyoyataka, waandikie wakuondoe.

Kisha washa runinga uliyo nayo. Ingia kwenye menyu kwa njia uliyoiandika, weka mpangilio wa sinema, zima kulainisha mwendo, zima pia mpangilio wa kuokoa umeme unaobadilisha mwanga katikati ya mandhari, na uzime taa ya sebuleni au uihamishie nyuma ya skrini. Cheza mandhari yako ya usiku tangu mwanzo. Linganisha mstari wa taya ya mwigizaji na yale uliyoyaandika, na ikiwa bado unaonekana katika runinga yako ya zamani, fedha uliyokuwa umeitenga kwa skrini mpya ielekeze kwanza kwenye spika.